Pipa Lililomngoja Papa Kalenga

Clarisse, ninayemwachia mapipa, ndiye aliyenisukuma niandike. Anasema nikiondoka na haya kichwani, wao watabaki kugonga mapipa kama watu wanaobisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Basi nawaandikia ninyi mnaobaki kazini, ila mjue mapema kwamba humu hamtakuta habari za vyeo wala mishahara. Hayo yana watu wake ofisini, na mwandiko wao ni mzuri kuliko wangu. Mimi nitawaambia habari za divai, na za pipa moja, lile la ukutani upande wa machweo, ambalo mlikuwa mkinitania kwamba nalipenda kuliko mume wangu. Mume wangu mwenyewe alikuwa akisema hivyo hivyo, na sikuwahi kumkatalia.

Nilifika huku barabara ya Kasenga mwezi wa tisa, zabibu zikiwa zinavunwa. Kabla ya hapo nilikuwa mwuza samaki. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alishuka kutoka Kabalo na treni, akatuzaa hapa Lubumbashi, na reli ilipoanza kusinzia, kila mmoja wetu alitafuta cha kushika. Mimi nilishika samaki wa Luapula, wabichi na wakavu. Ijumaa moja Frère Anaclet, bruda wa kitawa na msimamizi wa kave hii, ghala la divai la shirika lao, alikuja mezani kwangu kuchagua samaki. Nikamzuia.

“Ule umuache, Frère. Kesho atanuka.”

“Leo ananuka?”

“Leo hapana. Kesho.”

Alimchukua hivyo hivyo, maana mafrère ni watu wabishi. Kesho yake akarudi kuniuliza kama nataka kazi. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba Mama Berna aliingia hapa kwa kujuana, mwambieni aliingia kwa pua.

Siku ya kwanza sikugusa divai. Papa Kalenga, fundi wa mapipa na mkubwa wetu sote chini ya Frère, alinisimamisha mlangoni akaninusa toka kichwani mpaka viatuni. Alikuwa mwembamba, kofia ya sufu kichwani hata kwenye joto, na amebakiza muda mfupi tu kustaafu. Kazi yake ilikuwa ifungwe Noeli ile ile.

“Mama, mafuta ya samaki na divai hazipatanake,” akasema, akanionyesha ndoo ya majivu na malimau.

Juma zima kazi yangu ilikuwa kuosha mikono, kisha chupa, kisha mikono tena. Nilimchukia kwa moyo wote. Juma la pili akanivuta mpaka kwenye tangi la sementi, palipokuwa na zabibu zilizokwisha kukanyagwa, akaniambia niweke sikio.

“Unasikia?”

Nilisikia. Ilikuwa sauti ndogo, kama mafuta yanapoanza kuchoka kwenye kikaango.

“Iko inaongea. Divai yenye iko inaongea haiyalala. Kazi yetu shiye, ni kuilalisha kabla haiyamaliza maneno yote.”

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya divai yetu na nyingine. Divai ya kawaida inaachwa ichemke mpaka imalize sukari yake. Yetu tunaikatiza njiani. Tunaimwagia kali ya zabibu, yaani ile pombe nzito inayotokana na zabibu zenyewe kwenye alambiki, mtambo wa kukeneka pombe. Hamira zinalewa, zinalala, na sukari iliyokuwa haijaliwa inabaki ndani. Ukiilaza mapema, unapata divai tamu. Ukichelewa, unapata kavu. Ukisahau kabisa kwa sababu ya mpira wa miguu, kama jirani yenu mmoja hapo kave ambaye simtaji, unapata maneno ya Frère. Kipimo cha kioo kinachoelea kitakuambia sukari imebaki kiasi gani, lakini Papa Kalenga alitaka kwanza sikio, halafu pua, halafu ulimi, na kioo mwisho, kama shahidi.

Na hii kali haikuwekwa kwa ajili ya kulewesha watu. Divai yetu ilikuwa kwanza ya misa. Ilikwenda parokia za mbali, kwenye vituo visivyo na umeme wala friji, na padri wa kule hufungua chupa Jumapili akanywa funda moja tu altareni. Wengine mafunda mawili, Mungu anawajua. Chupa ya divai ya kawaida ikifunguliwa kwenye joto la kule, Jumapili inayofuata ni siki, na siki haisomewi misa. Iliyolazwa kwa kali inamngoja padri bila kununa.

Mwishoni mwa juma lile la pili nikaelezwa desturi ya nyumba. Ninyi mliikuta, mnaona ni jambo la kawaida, lakini mimi ilinishangaza. Kila anayeingia kazini hupewa pipa dogo moja, likajazwa divai ya mavuno yake ya kwanza, jina lake likaandikwa usoni kwa chaki. Kulitunza ni juu yake: kulijaza, kwa kuwa mbao hunywa, kulisikiliza, kuziba linapovuja, kunusa kizibo. Kuonja, hapana. Wenzako wataonja, wewe hutaonja mpaka siku unapofunga kazi. Siku hiyo linafunguliwa mbele ya watu wote, na wa kwanza kuonja ni mstaafu mkongwe kuliko wote aliyepo. Akisema ni divai, mnakunywa. Akisema ni siki, unakunywa wewe mwenyewe kikombe kizima, watu wakikutazama. Nilimwuliza Papa Kalenga desturi hii ilianzishwa na nani. Akasema na mtu aliyekuwa na wafanyakazi wavivu.

Pipa lake yeye lilikuwa la kwanza mlangoni. Chaki ya jina lake ilikuwa imeandikwa juu ya chaki ya zamani mara nyingi sana, hata ikawa nene kama plasta. Kila asubuhi akiingia aliligonga kwa kiungo cha kidole, mara mbili, akasikiliza, akaendelea. Debe tupu haliachi kuvuma; pipa lililojaa linajibu kwa sauti fupi, kisha linanyamaza. Lake lilinyamaza vizuri. Sote tulikuwa tunasubiri Noeli, na mkewe alikwisha kununua kitambaa cha kushonesha.

Ndipo kali haikufika.

Tulikuwa tunaiagiza kutoka kusini, ikipita mpaka wa Kasumbalesa kwa lori. Mwaka ule mambo ya nchi yalikuwa yamekwama kila mahali, na lori letu likakwama nayo. Hakuna aliyejua liko upande gani wa mpaka, wala kama bado lina mzigo. Akiba ya divai ya zamani ilikuwa imekwisha kwenda parokiani. Na divai kwenye matangi ilikuwa inaongea, kila siku kwa sauti ndogo zaidi. Ikinyamaza yenyewe, basi: sukari imekwisha, haitavuka hata msimu wa joto, na mwaka mzima parokia zote hazina divai ya misa. Wakubwa wa shirika walikuwa wamekwisha kusema kwamba kave ikiharibu mavuno, mizabibu itang'olewa na uwanja utatafutiwa kazi nyingine.

Frère Anaclet akatuita uani. Mmoja wetu, kwa nia njema, akakumbuka gongo ya mtaani, akasema, “Frère, lutuku iko mingi kule Katuba. Tununueko, tumwangie.”

“Lutuku ya mahindi?” Frère akauliza. “Mu divai ya misa? Kanisa inaomba zabibu tupu. Na kali yake pia ya zabibu. Utaenda we mwenyewe kumweleza Askofu?”

Hakuna aliyetaka kumweleza Askofu. Tulikuwa tunatazama chini, kwa sababu wote tulikuwa tumekwisha kufikiri jambo moja na hakuna aliyetaka kulitamka. Ndani ya kave mlikuwa na mapipa ya wafanyakazi. Divai ya zabibu, imelazwa kwa kali ya zabibu, imekaa miaka. Ukiipitisha kwenye alambiki ya shaba, unapata kali tena. Ya matangini bado ilikuwa nyepesi mno, na alambiki moja isingeimaliza kabla haijanyamaza.

Papa Kalenga akavua kofia yake ya sufu, akaikunja, akaitia mfukoni.

“Yangu njo ya kwanza kuingia,” akasema.

Kukawa na kelele. Watu walikataa, na mimi, mgeni wa majuma mawili, nilikataa kuliko wote, sijui kwa haki gani. Kila mmoja alisema la kwake liende, la Papa libaki. Wengine wana miaka mbele, wataanza upya. Yeye hana.

“Papa, unafunga kazi ku Noël,” nikamwambia. “Utakunywa nini?”

“Nitakunywa bière, kama bantu bote.”

“Ile pipa uliichunga maisha yote!”

“Njo maana,” akasema, bila kupandisha sauti. “Iko muzee. Maji ilitoka mu mbao, nguvu ikabakia. Mu hizi pipa zote, yangu njo iko na kali mingi. Munataka tuache yenye nguvu, tupike zenye maji? Hiyo ni kazi ya bantu gani?”

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Huku kwetu kiangazi ni kirefu na kikavu. Mbao zinatoa maji kwanza, na divai ya zamani inazidi kuwa nzito. Bila pipa lake, mengine yote yasingetosha hata tangi moja.

Tulianza asubuhi iliyofuata. Alambiki ile ya shaba, ambayo ninyi mmeiwekea maua ndani, ilikuwa imezibwa na Papa Kalenga mwenyewe kwenye shingo, kazi nzuri kama ya mafundi wa shaba wa zamani. Kinachotoka kwanza tunakiita kichwa, kinanuka dawa ya kucha, kinamwagwa. Kinachofuata ni moyo. Cha mwisho ni mkia, kina harufu ya nguo mbichi, hakitufai. Papa Kalenga alisimama kwenye bomba akiuchagua moyo wa pipa lake kwa pua. Hakuwahi kulionja. Nilimwona akijaza kiganja, akisugua mikono miwili pamoja, akanusa, kisha akasogeza ndoo chini ya bomba. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ndoo za kuvunia. Sikuwa hata nimezoea jina lake.

Tangi moja lilipona. Yaliyobaki tuliyauza kama divai ya meza, na mengine yakawa siki. Lakini tangi moja lilitosha kwa misa, kwa kubana, na mizabibu haikung'olewa. Ilikuwa jioni ya siku ya kulaza, Papa Kalenga akateka kutoka tangi lile lile, akajaza pipa dogo, akaandika jina langu kwa chaki: BERNA. Herufi zake zilikuwa zimepinda. Akaligongea kizibo.

“Hii ni yako. Mavuno yako ya kwanza.”

“Papa, hii ni ya ninyi wazee.”

“Ni yako. Lakini siku bataifungula, uniite. Kama niko, nitakuya. Kama siko, hapana kunimwangia ku kaburi. Udongo haiyui divai.”

Basi hapo ndipo mjue kwa nini nililipenda pipa kuliko mume wangu. Lilikuwa langu kwa chaki tu.

Noeli alifunga kazi. Tulimpa kofia mpya ya sufu, naye akanywa bia kama alivyosema. Mimi nikabaki na pipa.

Miaka iliyofuata ilinifundisha kwamba divai ile ile moja inaweza kulelewa ikawa watoto wasiofanana. Ukiiacha kwenye tangi kubwa la sementi, haioni hewa, inabaki nyekundu na yenye matunda mdomoni. Hiyo itoke mapema, inywewe ingali kijana. Ukiitia kwenye pipa dogo la zamani, hewa inaingia kidogo kidogo, wekundu unaondoka, inakuja rangi ya chai na ladha ya karanga. Ukiiweka penye joto, inachukua ladha ya sukari iliyoungua. Msiseme ipi ni bora. Mwanzoni nilikuwa nauliza hivyo, na Frère Anaclet akaniuliza katika watoto wangu ni yupi bora. Siku hiyo nilikuwa na jibu.

Pipa langu liliangukia penye joto, si kwa kupenda kwangu. Ukuta wa machweo, chini ya mabati yaliyokuwa hayana dari. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, ubao wake ulikuwa wa moto kama kitanda cha mgonjwa wa malaria. Nilimwomba Frère tulihamishe. Akaonja kwa ule mrija wa kioo, akageuza macho juu, akasema, “Uache.” Nikamwuliza kwa nini. “Uache tu.” Ndivyo desturi ilivyonitesa: kila mtu alijua ladha ya pipa langu isipokuwa mimi. Wenzangu walikuwa wakionja, wakanikunjia nyuso kana kwamba wamelamba kwinini, halafu wakaenda kucheka nje. Nilibaki na pua yangu. Kizibo kilinukia vizuri, lakini kuna samaki nao hunukia vizuri leo.

Kujaza kulinitia wasiwasi zaidi. Mbao hunywa, na kwenye joto zinakunywa bila aibu. Kila mwisho wa mwezi nilijaza kwa divai ya umri wa karibu, taratibu, nisiichafue ya chini. Na mwaka mmoja likavuja, kati ya ubao na ubao, machozi mekundu kila asubuhi. Nilijaribu kipande cha mulombwa, kwa kuwa ni mti mzuri na unapatikana. Papa Kalenga aliposikia alicheka mpaka akakohoa, maana ule mti una damu yake mwenyewe na uchungu wake. Akanituma kwa wauza asali, nikaleta nta ya nyuki, nikaipika na majivu laini, nikaisukuma ndani kwa kisu butu. Mpaka leo haijavuja. Clarisse, dawa ni hiyo. Usinunue vitu vya mrija vya dukani.

Lazima niwape pia habari ya Dieudonné, kwa sababu yeye mwenyewe anaisimulia kila arusi. Dieudonné aliingia baada yangu, mtu mzima tayari, msafi kupita kiasi, mama yake alikuwa amemlea hivyo. Frère alitaka kujaribu mtindo mwingine: divai nyeupe kavu, iliyomwagiwa kali kidogo tu, pipa lisijazwe mpaka juu. Juu yake hutokea utando mweupe, na utando ule ndio unaoilinda na hewa na kuipa ladha yake, kama chachu ya mkate na lozi. Frère alimweleza. Dieudonné akaitikia. Lakini nyumbani kwao chochote chenye utando mweupe ni kitu kilicholala ovyo, na hakuweza kukivumilia kwenye pipa lenye jina lake. Kila Jumamosi aliutoa kwa kitambaa safi, akifikiri anaisaidia. Siku anafunga kazi, mstaafu mkongwe aliyekuwapo alionja, akatema.

“Vinaigre!”

Dieudonné akanywa kikombe kizima, amevaa suti, machozi yanamtoka, na mkewe alicheka kuliko wote. Kisha mkewe huyo akaomba pipa. Nendeni leo nyumbani kwao mkaone: siki ile wanatilia pilipili na vitunguu, na watu wanakuja hata kutoka Luano kuitafuta. Hakuna divai iliyokufa kabisa, kuna divai iliyobadili kazi.

Jambo lililokaribia kunishinda lilikuja Frère Anaclet alipokwisha kutuacha, Mungu amrehemu, na shirika likatuletea msimamizi mpya. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo bila kejeli. Mgeni mmoja, mkubwa wa kampuni ndogo iliyobeba mawe kutoka migodi ya kaskazini, alionjeshwa mapipa yote, na alipofika kwa langu alikaa chini. Alilitaka zima, kwa sherehe yake, na badala yake angetuezekea kave yote mabati mapya. Paa letu lilikuwa limetoboka kama chujio.

“Mama Berna,” msimamizi akaniambia, “ni pipa moja tu. Tutakupa ingine.”

“Ile iko na mwenyewe, mon Frère.”

“Mwenyewe si ni wewe?”

“Hapana.”

Nikamweleza habari ya Papa Kalenga. Alisikiliza yote, akaenda kusimama mbele ya ile chaki iliyopinda, kisha akamwambia mgeni hapana. Mabati hayakuja. Msimu mzima wa mvua tulitega ndoo na mabeseni katikati ya mapipa, na kila tone lilipodondoka kulikuwa na mtu wa kusema, “Ile ni ya Mama Berna!” Walikuwa wanatania, lakini si wote, na sikuwalaumu. Mvua iliyofuata tulikuwa tumeezeka wenyewe, bati moja moja.

Kila Pasaka nilikwenda Katuba kwa Papa Kalenga. Mkewe alikuwa ametangulia, wajukuu wamejaa nyumba. Hakuuliza habari za watu kwanza.

“Inalala?”

“Inalala, Papa.”

“Muzuri. Uiache.”

Hakuomba kuonja hata mara moja. Mimi nilihesabu kichwani miaka niliyobakiza na miaka yake, na hesabu hiyo haikunipendeza. Masikio yake yalianza kwenda, kisha miguu. Mvua za mwaka jana kifua kikamkamata, wakamlaza hospitali, na mjukuu wake akanipigia simu kwa sauti ambayo wote tunaijua.

Tulikaa kikao kave nzima. Clarisse, ulikuwepo. Mlisema kwa kauli moja: desturi ni ya watu, watu si wa desturi, mpelekee. Ukatoa kwa mrija kiasi cha kijiko kikubwa, ukatia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi tulichokichemsha, nikakibeba kifuani kama yai.

Alikuwa amelala upande, mdogo sana kitandani. Nilimwonyesha. Akanitazama, akaelewa bila kuambiwa. Akafungua kizibo mwenyewe, ingawa ilimchukua muda, akaweka pua, akafumba macho. Akakaa hivyo. Nikafikiri amelala. Kisha akakifunga.

“Rudisha ku pipa.”

“Papa, kunywa. Nani ataona?”

“Miye nitaona.”

“Na kama...”

“Kama nini, Berna? Miye nilingoja. Na we ungoje. Mwenyewe pipa angali ku kazi, haiyafika siku. Enda ujaze pipa yako.”

Nililia kutoka hospitali mpaka huku, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilimwita mbishi, mzee wa mawe, kila neno. Halafu nikafungua pipa nikarudisha kile kijiko, kwa sababu aliniambia. Na ninyi mkaniona siku hiyo na hakuna aliyenitania, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi.

Alipona. Daktari hakueleza vizuri kwa nini, naye Papa Kalenga hakueleza kabisa.

Kabla sijamaliza, maneno machache ya kazi. Jazeni mapipa mwisho wa mwezi, hata kama mwezi una sikukuu. Msiamini kioo kabla ya sikio. Mgeni akija ananuka samaki, mpeni majivu na malimau, msimfukuze. Na tangu mwaka ule wa lori, mmeona tunaweka akiba ya kali yetu wenyewe ndani ya kisima kikavu. Isiguswe kwa arusi ya mtu yeyote, hata ya Clarisse.

Basi Ijumaa iliyopita, siku yangu ya kufunga kazi. Mjukuu alimleta kwa gari, amekaa mbele, na kichwani kofia ya sufu, ile tuliyompa Noeli ile, imebaki nyuzi. Mlimnyanyua pamoja na kiti mpaka mbele ya ukuta wa machweo. Aliomba asogezwe karibu zaidi. Akagonga kwa kiungo cha kidole, mara mbili, ingawa masikio yake hayasikii tena. Nadhani alisikia kwa mkono.

Clarisse aligonga ubao kushoto na kulia mpaka kizibo kikaruka. Harufu ilijaza kave: karanga za kukaanga, asali ya msituni, ganda la chungwa lililokauka, na moshi kwa mbali. Divai ilitoka kwenye mrija na rangi ya shaba iliyosuguliwa. Nilikuwa nafikiri, kama ni siki, nitakunywa pipa zima, si kikombe, lakini yeye nitamtazama vipi?

Yeye ndiye mkongwe, kwa hiyo glasi ya kwanza ilikuwa yake. Aliishika kwa mikono miwili. Akaitazama penye mwanga wa mlango. Akanusa, muda mrefu, kama fundi. Akaonja kidogo, akaizungusha mdomoni, akatafuna hewa, akameza. Kisha akamaliza glasi, polepole, mpaka tone la mwisho.

“Haiko vinaigre,” akasema.

Mkapiga makofi, mkapiga vigelegele, Dieudonné akapiga kuliko wote. Mtu akanipa glasi yangu. Lakini Papa Kalenga alikuwa bado amenyoosha ya kwake, tupu, kwangu, na ilibidi niiname kumsikia.

“Ile nilionja ni yako,” akasema. “Sasa unipatieko yangu.”

Nikammiminia mpaka ukingoni. Hiyo hakuitazama penye mwanga, wala hakuinusa. Aliinywa tu.